Kioo Kinachoishia Kiunoni

Jirani, usinicheke. Najua ndevu za kushoto zimebaki. Si mtindo mpya wa Kigali, ni kioo. Mwezi wa tatu huu nagombana na kioo cha bafuni, na mpaka leo kioo kinaongoza. Nipe chai nikae, maana hadithi yenyewe ndefu na mguu unaniuma. Mguu nao ni kwa sababu ya kioo. Utasikia.

Hapa Rwimbogo, Rusizi, tumeishi miaka na miaka bila kioo bafuni, na hakuna aliyekufa. Bafu langu la zamani lilikuwa nje, mabati matatu na pazia la gunia. Unaoga huku unatazama milima ya Kongo. Ukitaka kujiona uso unaenda kwa kinyozi. Hela ya kinyozi huna? Unachungulia kwenye kioo cha pembeni cha moto, yaani pikipiki, iliyoegeshwa, mwenyewe akigeuka unajifanya unamsalimia. Maisha yalikuwa yanaenda.

Sasa mwaka huu kahawa ikanilipa vizuri kidogo, na mimi hela ikinizidi huwa napata akili mbaya. Nikajenga bafu la ndani. Mita 1.20 kwa mita 1.80. Dogo. Ukiingia na mawazo mengi, mlango haufungi. Lakini ndani nimeweka makaro, yaani vigae, nimeweka dushe, nimeweka lavabo, sinki la kunawia, la sentimita 45. Nikamwita mama watoto aje aone. Akaingia. Akatazama juu. Akatazama chini. Akatazama ukuta juu ya lavabo.

"Kioo kiko wapi?"

Basi. Makaro hakuyaona. Dushe hakuiona. Aliona kitu ambacho hakipo.

Nikaenda butiki ya hapo kona, nikanunua kile kioo cha duara chenye fremu nyekundu ya plastiki. Nikakining'iniza. Nikajitazama, nikaona jicho. Moja. Nikitaka la pili, nahama. Pua nayo ina zamu yake. Nikamaliza kunyoa kwa vipande vipande kama mtu anayekagua shamba. Mama watoto akakishika, akakigeuza, akauliza kama ni cha nyumba au cha banda la kuku. Sikujibu. Mimi nikishindwa hoja huwa nakohoa.

Nikajiambia, kumbe shida ni ukubwa tu. Basi nitaleta kioo kikubwa mpaka mama watoto ajute.

Jumamosi asubuhi nikapanda moto kwenda Kamembe. Nimevaa viatu vizuri, mfukoni nina faranga za kutosha. Nafika, maduka yote yamefungwa. Nikashangaa, nikadhani kuna msiba mkubwa. Jamani, ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi! Umuganda! Nchi nzima inajua kwamba siku hiyo kuanzia saa mbili mpaka saa tano watu wako kwenye kazi ya jamii, isipokuwa mimi, niliyezaliwa hapa hapa. Mzee mmoja akaniona nimesimama kama nguzo. Akanipa jembe. Nikachimba mtaro na watu nisiowajua, kwa viatu vya harusi, huku kila mtu akiniuliza mimi ni wa mudugudu gani, kijiji gani. Nikawa nataja Rwimbogo kwa sauti ndogo.

Saa tano maduka yakafunguliwa. Nikaingia kwa muuza vioo, nanuka udongo. Kijana wa dukani akaniuliza: "Unataka cha kipimo gani?"

Jirani, mimi sikuwa nimepima kitu chochote. Nikanyoosha mikono kama mvuvi anayesifia samaki aliyemponyoka. "Hivi."

Akaniletea cha sentimita 90 kwa 60. Akauliza unene: "Milimita tatu au tano?" Nikauliza bei. Ya tatu ilikuwa chini. Nikachukua ya tatu. Akasema chembamba kikibanwa vibaya ukutani kinajikunja, na uso unaokiona nao unajikunja. Nikacheka. Nikadhani ni ujanja wa biashara. Akasema tena: "Mzee, kuwa makini, nyuma yake kuna fedha." Nikamjibu kwa hasira: "Najua kuna fedha, ni zangu nimekupa sasa hivi!"

Kumbe anasema madini. Kioo ni gilasi tu, kinachorudisha sura yako ni utandu mwembamba wa madini ya fedha uliolazwa nyuma. Nimekuja kusoma baadaye kwamba Mjerumani mmoja, Justus von Liebig, ndiye aliyegundua mwaka 1835 namna ya kuilaza hiyo fedha kwenye gilasi kwa kemikali. Wakati huo mimi nilijua fedha moja tu, na ilikuwa imeisha.

Kukifunga sasa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, kwa hiyo kijana akatafuta karatasi, ikatosha nyuma tu. Mbele kikabaki wazi. Nikapanda moto, kioo nimekikumbatia kati yangu na dereva, upande wake wa mbele umenielekea mimi. Kutoka Kamembe mpaka Rwimbogo, makorongo yote na kona zote, natazamana na mimi mwenyewe nimevaa helmeti. Sijawahi kutazamana na mtu muda mrefu namna hiyo, hata mama watoto siku za uchumba. Nikajua kwa nini baba yake alisitasita.

Nafika nyumbani, nakiegemeza ukutani ninywe maji. Jogoo akapita. Akamwona jogoo mwenzake. Weee! Alikipiga kile kioo mateke na mdomo mpaka manyoya yanaruka. Nikaenda kuamua ugomvi, nikakanyaga bakuli la maharage. Ndiyo huu mguu.

Fundi akaja. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini pimamaji fundi wangu anaiita nivo, kama walivyomwachia Wabelgiji. Tena anaiita tu, hana. Alipima kwa jicho, na jicho lenyewe moja lilikuwa linatazama sufuria jikoni. Alipomaliza nikamwambia kioo kimelala upande. Akarudi nyuma, akafumba jicho, akasema: "Boss, kioo kiko sawa. Nyumba ndiyo imepinda." Nikamlipa. Ningefanya nini?

Akauliza kukibandika kwa urefu gani. Hapo nikajifanya mjuzi. Nikasema kiwe juu, watoto wasikirushie maji. Ukingo wa chini ukakaa mita 1.30 kutoka sakafuni. Akakipaka silikoni nyuma, ile ya bei rahisi inayonuka siki. Nikasema vizuri, harufu ya usafi. Hakuna msumari, hakuna kishikizo.

Jirani yangu mmoja mzee alikuja kukiona. Hakukisifu. Akauliza kinashikwa na nini. Nikasema gundi. Akanyamaza, halafu akanikumbusha Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika hapa Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, kuta zikaanguka, watu wakafa. Hapo sina utani. Akasema nchi hii ya kwetu haitaki kitu kizito juu ya kichwa cha mtu kishikwe na imani peke yake. Nikakohoa.

Wiki ya kwanza matatizo yakaanza. Lavabo ni sentimita 45, kioo ni 90, kwa hiyo nusu ya kioo iko kwenye dushe. Kila anayeoga anakiogesha. Mvuke nao ukipanda unakuta gilasi ya baridi, unageuka maji hapo hapo, na mimi nanyoa kwa kukumbuka uso wangu ulivyokuwa jana. Na kweli kimejikunja! Ukisimama kulia una shingo ya twiga, ukisimama kushoto huna shingo. Mtoto wangu mdogo akiingia kupiga mswaki anatazama juu, haoni kichwa chake, anaona dari. Akaniuliza: "Papa, hiki kioo ni cha nani?" Swali zuri tu, ila nilimfukuza.

Lakini hayo yote ni maji ya kunawa. Subiri.

Ikafika siku ya harusi kule Bugarama. Suruali yangu ya suti iko kwa mama watoto inapigwa pasi. Mimi nimeshavaa shati, tai, koti, viatu na soksi. Chini nimejifunga taulo. Nikaingia bafuni nione koti linavyoanguka na viatu vinavyong'aa. Naona kifua. Naona tai. Naona mpaka kiunoni, basi. Viatu sivioni.

Nikajiambia, mimi ni mtu mzima na nina akili. Ukitaka kuona kitu chote unarudi nyuma. Hata mpiga picha hurudi nyuma.

Nikarudi hatua moja. Kiunoni. Nikarudi ya pili, mgongo ukafungua mlango. Kiunoni. Nikatoka kwenye korido, kinyumenyume, macho kwenye kioo. Bado kiunoni! Nikaona ni dharau sasa. Nikaendelea kurudi, kisigino baada ya kisigino, namtazama yule mtu kwenye kioo anavyozidi kuwa mdogo, lakini miguu hatoi. Nikarudi, nikarudi, nikahisi zulia chini ya viatu. Sina zulia kwenye korido.

Zulia langu liko sebuleni.

Nyuma yangu kukawa kimya. Kimya cha watu, si cha viti. Halafu sauti ya mama mkwe ikasema polepole, kwa heshima zote:

"Karibu, mkwe. Na wewe umekuja kututembelea?"

Alikuwa amekaa na dada zake wawili. Wamevaa mishanana ya harusi, mikono magotini, wananitazama kuanzia tai mpaka taulo. Na taulo lenyewe, jirani, ni la mtoto. Lina picha ya bata. Nikasema mwaramutse, salamu ya asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana. Sikugeuka. Nilirudi bafuni kwa mwendo wa mbele, na mlango wa bafu ukiwa wazi mkabala nao, wale wamama wakaendelea kuniona kwenye kioo, shingo ya twiga, mpaka nilipofunga.

Jioni mtoto wangu mkubwa, anayesoma sekondari, akanihurumia. Akachukua daftari. "Papa, hata ungerudi mpaka Bukavu, usingeona viatu." Akanichorea. Macho yangu yako mita 1.60 kutoka sakafuni. Ili nione viatu vyangu kwenye kioo cha ukutani, ukingo wa chini lazima ufike nusu ya hapo, yaani sentimita 80. Wangu uko mita 1.30, kwa hiyo mwisho wangu ni mita moja kutoka sakafuni. Akaja na futi, akapima mita moja juu ya mguu wangu. Kiunoni kabisa. Ukirudi nyuma wewe, na sura yako inarudi vile vile, haiongezeki kitu. Kioo cha kukuonyesha mwili mzima kinatosha kiwe nusu ya urefu wako, kikikaa mahali pake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema niliingia bafuni nimenuna.

Mwezi wa pili, kwenye kona za kioo zikatokea nyota nyeusi. Zikaongezeka, zikawa ramani. Nikarudi dukani Kamembe, safari hii Jumanne. Kijana akanusa swali langu kabla sijauliza: "Ulibandika kwa silikoni ya siki?" Ile asidi yake inakula fedha ya nyuma, akasema, na maji yanayoingia kwa pembeni yanamalizia. Kuna silikoni isiyonuka siki kwa ajili ya vioo. Ilikuwa hapo hapo kwenye rafu, siku ile ile. Mimi nilikuwa naulizia bei.

Basi nikanunua cha tatu. Sentimita 40 kwa 70, kimesimama, hakizidi lavabo. Milimita tano. Nikaazima nivo ya kweli. Nyumba haikupinda, jirani, hata kidogo. Vishikizo vya skrubu vinne, na nafasi ndogo nyuma hewa ipite. Ukingo wa chini uko mita 1.05, mdogo wa nyumba akisimama anajiona uso na kutoa ulimi. Kabla ya kuoga nakipaka sabuni kidogo, nakisugua kwa kitambaa kikavu, mvuke haukishiki. Mzee jirani akaja, akakivuta kwa mkono, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Mama watoto akatabasamu. Nikajua nimeshinda.

Leo asubuhi nikanyoa. Nikatoka. Watoto wakakimbia.

Taa, jirani. Taa nimeiweka upande wa kulia peke yake. Kushoto ni giza la usiku wa manane. Inatakiwa mwanga uje pande zote mbili, kwa urefu wa uso, au angalau utoke mbele. Hilo hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu mimi huwa sijui kwamba sijui.

Kwa hiyo nisikilize, kama unajenga. Kabla ya kuuliza bei, chukua futi. Pima lavabo, pima macho ya mrefu na ya mfupi wa nyumba, angalia maji yanarukia wapi na mwanga unatoka wapi. Kisha ndipo uende dukani, si Jumamosi ya mwisho. Na ukitaka kujua viatu vyako vinapendeza au la, inama uvitazame. Ukiwa umevaa suruali.

Hiyo chai andika kwenye daftari, nitalipa kahawa ikivunwa.