Mimba ya Mdomoni

Mama mkwe alipofika kutoka Kyela alikaa mbele ya tangi la kioo, mkoba wa safari bado mapajani, akatazama kwa kitambo.

"Hawa mnawala lini?"

Mke wangu akamjibu kuwa si wa kula, ni wa kutazama. Mama akatazama tena. Kisha akauliza kama huku Tunduma siku hizi maji yamekuwa mengi kiasi hicho.

Nikajifanya narekebisha waya wa pampu. Tangi lile lilimeza lita 240, yaani madumu 12 ya toroli, na mke wangu alikuwa na kumbukumbu ya kila dumu kama mwenye duka na deni.

Ukweli ni kwamba mwanzoni nilitamani bahari. Nilitaka wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe waliopata umaarufu na sinema ya Nemo ya mwaka 2003. Nikasoma habari zao hadi nikakutana na jambo ambalo sinema ililificha: kwa samaki hao, mama akifa, baba hugeuka kuwa jike. Nilipomsimulia mke wangu alicheka, akasema basi mmoja wao aje anisaidie kupika. Lakini bahari iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa mpakani, na kutunza matumbawe ndani ya kioo kunadai chumvi maalumu, taa maalumu na mshahara maalumu. Nikashuka Ziwa Nyasa.

Pale Matema, Milima ya Livingstone inapozamisha miguu ziwani, miamba imejaa samaki wadogo wa rangi wanaokwangua utelezi kwenye mawe. Ulimwenguni kote wanaitwa mbuna, jina la Watonga wa ng'ambo ya Malawi, na watu wa Ulaya huwalipia nauli ya ndege. Mimi niliwapata kwa kijana wa mtumbwi: dume mmoja wa buluu na majike saba wa rangi ya udongo. Wakasafiri kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, tukapanda Tukuyu, tukapita Mbeya na Vwawa, tukasimama nyuma ya foleni ya malori, nami njia nzima nachungulia ndooni hadi kondakta akaniuliza kama nimebeba nyoka.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Tangi jipya linatakiwa likae wiki kadhaa ili bakteria wazaliane, wale wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa kitu kisichowadhuru sana. Mimi niliwamwaga wote siku ileile, nikapiga picha. Siku ya tano majike wawili walielea. Tuliwazika chini ya mparachichi, kwa msisitizo wa kitinda mimba wetu, aliyetaka na sala.

Waliobaki wakazoea. Niliwapangia mawe ya chokaa kutoka bonde la Songwe, ndugu wa yale yanayosagwa kiwandani kuwa saruji, kwa kuwa mbuna hawapendi maji yenye uchachu. Dume akajitwalia pango, akawa anatetemeka mbele ya kila jike apitaye. Jike mmoja alimpenda. Kitinda mimba akampa jina la Bi Harusi.

Wiki iliyofuata Bi Harusi akasusa chakula. Kidevu kilivimba, mdomo ukafungwa, akawa anatafuna mate tu pembeni. Nikasema ni uvimbe. Nilimwinda kwa wavu nusu saa nzima, nikamtia kwenye beseni la maji ya chumvi, dawa niliyoisifu sana mbele ya watoto. Akatapika. Vilitoka vijipunje vya manjano, vikubwa kuliko ulezi, vikatua chini ya beseni bila kutikisika.

Hapo ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye kochi, akainama juu ya beseni.

"Baba, umemtapisha mwenzio mimba."

Alikulia kando ya ziwa, amepasua perege tangu utotoni, na si mara moja alimkuta perege jike na mayai kinywani. "Hata hao wa kutazama ni walewale," akasema. Kisha akarudi kukaa, na kwa siku mbili alinipa majibu mafupi.

Nikarudi kusoma, safari hii kwa adabu. Mtafiti Mjerumani, Wolfgang Wickler, alieleza mwaka 1962 ujanja ulioko hapo. Jike hutaga na kuyaokota mayai mdomoni mara moja. Dume naye ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, mfano wa mayai. Jike huyafuata akidhani kasahau mengine, akifungua mdomo anakutana na mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa humohumo. Baada ya hapo anafunga kula karibu wiki tatu. Mke wangu alisikiliza yote, akasema kumbe hata majini wanaume huanza kwa kudanganya.

Bi Harusi alibeba tena katikati ya Juni, na nyumba ikaingia kwenye eda. Redio ilipunguzwa. Mpira ulihamia nje. Mama mkwe, aliyekuja kwa wiki moja, akaahirisha safari bila kutoa sababu.

Siku ya kumi na tisa, saa mbili usiku, umeme ukakatika. Baridi ya Tunduma mwezi wa saba si ya mchezo, na hita na pampu zilizima kwa pamoja. Tulilifunika tangi kwa blanketi la harusi yetu, ambalo kwa miaka kumi halikuruhusiwa hata kuguswa na wageni. Maji yalichemshwa kwenye jiko la mkaa, yakajazwa kwenye chupa za plastiki, tukaziacha zielee tangini. Kwa hewa tulichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, kwa zamu. Saa tisa nilisinzia. Niliposhtuka alfajiri, mama mkwe alikuwa amefunga kanga kiunoni, anachota na kumimina taratibu, ananong'ona kitu kwa Kinyakyusa na samaki.

Siku mbili baadaye Bi Harusi alifungua mdomo mbele ya jiwe la chokaa. Wakatoka vifaranga, mmoja, watatu, kisha wingu zima, kila mmoja samaki kamili, na papo hapo wakaanza kukwangua jiwe. Mama mkwe alihesabu 23. Nikahesabu 23. Baada ya chakula cha mchana tukarudia: 21.

Sote tukamgeukia yule wa buluu, aliyekuwa ametulia mlangoni mwa pango lake.

"Anakula wanawe," mama akasema, akaelekea jikoni. Nilipokuwa bado naloweka wavu nilimsikia akiuliza mafuta ya kukaangia yako wapi. Nikamtazama mke wangu anitetee, lakini hakuwa nasi. Alikuwa anahesabu kwa vidole madumu ya tangi la pili.