Pongezi kwa Mahakama Iliyomhurumia Jasusi Asiyepanda Ndege

Kwa Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Washington, Marekani

Yah: Uamuzi wa Machi 2017 kuhusu Ethiopia

Waheshimiwa Majaji,

Barua hii inaletwa kwa unyenyekevu kuipongeza Mahakama Tukufu kwa kuzifundisha serikali zote zenye tabia ya kuchungulia kwamba kosa la jasusi haliko katika kudukua, bali katika kukata tiketi ya ndege. Raia wa Marekani mzaliwa wa Ethiopia, mkazi wa Maryland, aliishtaki Ethiopia akidai kwamba kompyuta ya nyumbani kwake iliingiliwa na FinSpy, yaani programu ya kijasusi inayouzwa kwa serikali, ambayo ilifichwa katika waraka ulioambatanishwa na baruapepe, ikawa inarekodi maongezi yake ya Skype na hata, kwa mujibu wa hati ya madai, yale aliyoyatafuta mwanawe mtandaoni kwa ajili ya kazi ya somo la historia, siri ambayo bila shaka ingeitikisa Addis Ababa.

Sheria ya 1976 ya kinga ya mataifa ya kigeni huruhusu nchi nyingine kushtakiwa kwa madhara yaliyotokea Marekani. Mahakama Tukufu iliamua kwamba tendo zima, tangu nia hadi maumivu, lazima litokee humo. Na kwa kuwa nia ilikuwa ng'ambo na programu ilitumwa kutoka ng'ambo, mlalamikaji alirudishwa kwa kompyuta yake. Wakili wa Ethiopia, alipoulizwa kuhusu bomu lililotumwa kwa posta, alisema hata hapo kinga ingebaki palepale, ukweli ambao mawakili huutoa kwa nadra.

Hata hivyo, Marekani yenyewe nayo huchungulia ng'ambo: mwaka 2015 hati moja ya upekuzi, iliyotolewa na hakimu mmoja wa Virginia, iliwafungulia FBI zaidi ya kompyuta 8,000 katika nchi 120, wakiwasaka watazamaji wa picha za udhalilishaji wa watoto, lengo ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelipinga. Na tangu Desemba 2016 kanuni za mahakama za Marekani zinamruhusu hakimu kuidhinisha upekuzi wa kompyuta ambayo mahali ilipo pamefichwa kiteknolojia, bila kuuliza kwanza ipo chini ya bendera ya nani.

Kwa hiyo Mahakama Tukufu inaombwa ifafanue: aliyedukuliwa Maryland kutoka Addis Ababa hana pa kushtaki kwa sababu mdukuzi yuko mbali, je, aliyedukuliwa Addis Ababa kutoka Virginia atajibiwa kwamba yeye ndiye aliye mbali?

Nakala: Wizara zote za usalama zinazobana matumizi ya safari za nje.