Kata Kwanza, Fundi

Tafuta sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ivishe kitambaa chembamba isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu kwenye milango, chini ya vioo na juu ya matairi. Kwenye Peugeot 504, bati likiwa zima sumaku inang'ang'ania. Ikifika penye puti nene inateleza na kudondoka. Pawekee alama kwa chaki, hata kama mwenye gari ananuna.

Kwenye Land Rover 109 sumaku itaukataa karibu mwili mzima, na hapo usikimbilie kumlaumu mtu. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini. Tangu hapo watu wanasema Land Rover haioti kutu, na maneno hayo yameua magari mengi mazuri. Chesisi ni chuma. Ukuta unaobeba dashibodi na bawaba za milango ni chuma. Lala chini ya gari, chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza, na pengine nyundo inazama ndani.

Mkoa wa Njombe unakula magari kwa namna yake. Kuna mvua za Novemba hadi Aprili, kuna ukungu wa miezi ya baridi unaolowesha bati bila tone kuanguka, kuna matope yanayoziba matundu ya kutolea maji kwenye chesisi. Halafu mfuko wa mbolea unapasuka nyuma ya gari msimu wa viazi, na mbolea ni chumvi: inavuta unyevu hewani na kuugandisha kwenye chuma. Kwa hiyo kabla ya gereji, chukua spoku ya baiskeli uzibue kila tundu, osha mpaka maji yatoke safi, uache gari likauke juani.

Gerejini utaambiwa, "Bosi, hapa tunapiga puti tu, jioni unaondoka nalo." Jibu ni moja: "Hapana fundi, kata." Puti inanyonya maji. Ukiiweka juu ya kutu, kutu inaendelea kula chini kwa chini, na kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, rangi yako mpya itatoka malengelenge. Akate mpaka akutane na chuma cheupe pande zote, hata kama kitundu cha ukubwa wa sarafu kinageuka dirisha. Inauma kutazama. Vumilia, gari unalipenda.

Kiraka kiwe na unene unaolingana na bati lenyewe: karibu milimita 1 kwa mlango wa 504, milimita 2 kwa chesisi ya 109. Bati la kuezekea likae juu ya paa. Ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi utakaompa fundi homa usiku. Fundi wa Makambako aliyezoea kuchomelea matrela ya malori ya Tunduma ndiye wa kumpa chesisi. Kwa mlango, mwombe apunguze moto na achomee nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, kisha bati lipoe. Akiburuza mstari mmoja mrefu, mlango utajikunja kama chapati. Na kabla hajawasha, toa waya wa betri, ondoa tangi la mafuta, weka mchanga karibu.

Bonyeo kwenye bodi ya alumini lina siri yake. Alumini ikigongwagongwa inakakamaa, halafu inapasuka. Inahitaji kupashwa moto ilegee, lakini haibadiliki rangi kukuonya kabla ya kuyeyuka. Paka sabuni ya mche. Pitisha moto wa gesi kwa mbali, na sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto. Alumini ikipoa, nyoosha kwa nyundo ya mbao, taratibu, ukianzia pembeni.

Kwenye vishimo vya kutu ambavyo brashi ya waya haivifikii, dawa imeota Njombe yenyewe. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949, ikapanda miwati kwa ajili ya tanini ya kutengenezea ngozi. Kata gome bichi la muwati kwa panga uone ubapa unavyogeuka mweusi wenye ubluu: hiyo ni tanini imekutana na chuma. Dawa nyingi za chupa za kugeuza kutu zinatumia tanini pia, na zinaacha utando mweusi unaoshika rangi. Zipake kwenye kutu nyembamba tu. Inayobanduka magamba irudi kwenye msasa, iliyotoboka irudi kwa fundi.

Praima ipakwe siku hiyohiyo chuma kilipowekwa wazi. Usikiachie ukungu wa usiku. Rangi ya mwisho ipigwe ndani ya chumba kilichonyunyiziwa maji sakafuni, hasa Makambako, maana upepo wa pale hauheshimu rangi mbichi. Ikikauka, rudi chini ya gari, pulizia oili safi nzito ndani ya chesisi kupitia matundu uliyoyazibua, ukizilinda raba za springi zisilowe. Rudia kila mwaka kabla ya mvua za Novemba.