Msiniite Tena Kuangalia Pikapu

Hapa Nizi, kwetu Ituri, mtu akishika fedha, iwe shimo lake limetoa dhahabu, iwe ameuza ng'ombe, iwe mtoto wake ametuma dola kutoka Kampala, jambo la kwanza ni pikapu. Jambo la pili ni kuniita mimi. Sijui nani alieneza habari kwamba mimi ni mjuzi wa magari. Zamani nilikuwa konvoya wa malori kati ya Bunia na Mongbwalu, kazi ambayo elimu yake kubwa ni kujua urukie upande gani lori linapoanza kulala. Hiyo ndiyo diploma yangu. Jua halijatoka, simu inalia: "Papa, kuja tuangalie motokari." Nami navaa shati ambalo halitarudi na rangi yake, naenda kulala chali chini ya gari la watu.

Malipo ni soda. Siku ya neema, soda na mandazi.

Soda ningeivumilia. Nisichovumilia ni kuitwa na mtu aliyekwisha kuamua. Nafika, namkuta mnunuzi ameegemea mlango, picha imeshapigwa, shemeji zake wote hadi Aru wameshaiona, na avansi iko mfukoni mwa muuzaji. Mimi hapo ni padri wa kufungisha ndoa: kazi yangu kubariki tu, na nikikohoa kidogo wote wananigeukia kwa macho mabaya.

"Muzee, unaonaje?"

"Shasi imeungwa kwa moto, mara mbili."

"Ndiyo, lakini redio yake umeisikia?"

Redio nimeisikia. Na watu wa Iga Barrière nao wameisikia.

Swali la kwanza la mnunuzi wa kwetu ni rangi. Mmoja nyeupe haitaki, atadhaniwa ni mtu wa ONG, yale mashirika ya misaada, na kila kitu sokoni atauziwa kwa bei ya ONG. Mwingine anaitaka hiyohiyo nyeupe, kwa sababu kwenye bariere atadhaniwa ni mtu wa ONG. Swali la pili ni kabini. Wote wanataka kabini mbili, waonekane wamepakia familia. Hawataki kusikia kwamba kila kiti kinachoongezwa mbele kinakatwa nyuma, kwenye bodi. Hilux ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1968, ilikuwa gari la kazi: kabini moja, bodi, basi. Hadi leo pikapu nyingi za ukubwa huu wa kati zimetengenezwa kubeba tani moja hivi, pengine pungufu, na tani hiyo inahesabu abiria pia. Shemeji watatu wa kiti cha nyuma ni mzigo, hata wakikaa kimya.

Kwetu tani moja ndipo mazungumzo yanapoanzia. Magunia ya maharagwe kwanza, juu yake viazi vya Fataki, juu ya viazi bidoni za mawese, juu ya mawese mama mwenye kuku, na juu kabisa kijana mmoja ambaye hakuna anayejua alipandia wapi. Springi zikilegea wanasema Toyota za siku hizi ni za karatasi.

Kwa hiyo mimi naanzia nyuma. Nachuchumaa pikapu ikiwa tupu, naangalia mabamba ya springi. Yakiwa yamelala sawa badala ya kupinda, au fundi akiwa amechomeka humo bamba la lori, gari hilo limebeba zaidi ya lilichoumbiwa. Kisha naingia chini, naikagua shasi pale nyuma ya kabini. Hapo ndipo huvunjika, na hapo ndipo wauzaji hupenda kupaka rangi nyeusi mbichi. Gari kuukuu lenye rangi mpya tumboni, mimi huwa nanyanyuka na kudai soda yangu papo hapo.

Mwalimu mmoja wa hapa, ambaye anatafuta pikapu ya kubebea matofali, ameona nimechelewa kielimu. Ananisomea kwenye simu yake jinsi Wazungu wanavyopima magari. Wasweden wana jarida liitwalo Teknikens Värld. Mwaka 2016 waliichukua Hilux mpya, wakaiendesha kilomita 60 hivi kwa saa, halafu wakakata usukani ghafla huku na huku, maana kwao mnyama mkubwa wa porini huweza kukutokea mbele bila taarifa. Hilux ikanyanyuka, ikasimama kwa magurudumu mawili. Mwalimu aliniangalia kwa hofu. Mimi nilicheka.

Kilomita 60! Kati ya hapa na Iga Barrière ukitembea 60, jua breki zimekatika. Na mnyama wetu ni ng'ombe wa Djugu. Ng'ombe wa Djugu hakwepwi. Unasimama, unazima injini, unamsalimia mchungaji, unauliza habari za nyumbani, unangoja. Ukimgonga, hakuna jarida litakaloandika. Kitaitishwa kikao, na bei ya ng'ombe itapanda kila mzee anaposimama kusema neno: alikuwa na mimba, alikuwa wa mahari, alikuwa anajua njia ya kurudi nyumbani peke yake. Hicho ndicho kipimo cha usalama ninachokitambua, na hakuna pikapu inayokifaulu.

Simu ya mwalimu husifu pia taa. Taa kali za nini? Ituri inaongozwa na wanajeshi tangu Mei 2021, na jua likizama barabara si yako tena. Pikapu yenye taa moja inatosha, na hiyo moja ni ya kutafutia funguo.

Tufike kwenye injini, mahali pa kulia.

Hilux zilizotoka kuanzia mwaka 2004, zile za Vigo, nyingi zina dizeli ya turbo inayorusha mafuta kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa tunayovuta, kupitia vitundu usivyoviona kwa macho. Mlimani ni raha tupu. Lakini vitundu hivyo vinataka mafuta safi, na mafuta yetu tunauziwa na akina Kadhafi, vijana wa chupa na bidoni kando ya njia. Kadhafi mwenye jina lake, yule wa Libya, mnakumbuka, mwaka 1987 jeshi lake lilitimuliwa kaskazini mwa Chad na askari waliopanda pikapu, hadi vita vyenyewe vikaitwa Vita vya Toyota. Mimi nasema kisasi kinalipwa hapa Ituri. Kila bidoni ina kikombe cha maji ndani, na Toyota moja baada ya nyingine inazimika mbele ya maduka ya vocha, mwenyewe akiwa amesimama pembeni na suti.

Injini ya zamani, ile ya lita 3 isiyo na turbo ambayo mafundi wanaiita 5L, inakunywa mafuta hayohayo, inakohoa, inatoa moshi, inaendelea. Sisemi ni nzuri. Bunia yenyewe iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huusikia wepesi huo kwenye kila mlima. Ukipanda na mzigo kuelekea Fataki utapitwa na pikipiki iliyobeba nguruwe watatu, na nguruwe watakuangalia. Lakini utafika. Na ikikataa, fundi ataifungua kwa spana zake mwenyewe. Atakayekwambia kuna kijana mwenye kompyuta ya kupimia injini hapa jirani, mwambie aiwashe kwanza tuone umeme.

Ukienda kukagua, uikute injini baridi. Muuzaji akisema, "Nimekuwashia mapema, yaya, usije ukangoja," hakuwa anakuonea huruma. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukumwa, pistoni zimekwisha. Kisha filta ya dizeli imwagwe kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yatashuka chini na dizeli itabaki juu, nawe utajua gari limekuwa likinywa nini.

Volani sasa, yaani usukani. Magari mengi yanatufikia kutoka Uganda, ambako wanapita kushoto, na volani iko kuume. Sisi tunapita kulia. Ukitaka kulipita lori, wewe dereva huoni kitu ila tope la lori. Anayeona mbele ni abiria. Maisha yako yako kinywani mwa shemeji.

"Naweza kupita?"

"Pita!"

"Hakika?"

"Ngoja! Ngoja kwanza!"

Pikapu ya volani ya kushoto, mathalani ile iliyonunuliwa Dubai, ni ghali zaidi. Lipa. Kinshasa wamekwisha kutangaza marufuku ya volani ya kuume, na ingawa amri za Kinshasa huchoka njiani kabla ya kufika Djugu, siku ya kuuza tena mnunuzi atazikumbuka zote.

Halafu kuna ule wimbo wa "hii ilikuwa ya ONG". Masikioni mwa Nizi maana yake ni gari lililofanyiwa servisi kila mara. Kwangu mimi ni gari lililoendeshwa na madereva wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyelinunua. Mita inasoma kilomita 80,000, lakini pedali ya klachi imelika hadi chuma, na kiti cha dereva kina shimo la makalio ya mtu mzima. Kilomita 80,000 hazichimbi shimo hilo.

Wapo wanaoniuliza habari za Navara, L200, Ranger, D-Max. Magari mazuri. Wakenya wanaiunganisha D-Max kwao Nairobi na wanaringa nayo, wana haki. Mimi nauliza kipuri kinatoka wapi. Cha Hilux kipo Bunia. Kikikosekana Bunia kipo Kisekka, Kampala, na kitapanda basi kupitia Mahagi. Cha hayo mengine utaambiwa "kinakuja", na mwezi ujao kitakuwa bado kinakuja. Land Cruiser 79 asiniulize mtu. Ile si ya ukubwa wa kati, ina injini ya lita 4.2, na bei yake itakufanya uuze shimo, ng'ombe na yule mtoto wa Kampala.

Karatasi nitazigusa kidogo tu, zinaniumiza kichwa. Namba iliyogongwa kwenye shasi iwe ileile ya kwenye carte rose, kadi ya gari. Muuzaji akisema tofauti ya herufi mbili ni uchovu wa karani wa forodha, mwache amtafute karani kwanza, dola zikae kwako.

Uamuzi wangu, maana ndio mnaoutaka ili muupuuze, ni huu: Hilux ya kabini moja, volani ya kushoto, injini ya zamani isiyo na turbo, springi zilizopinda, shasi isiyopakwa rangi, redio mbovu. Ukiwa na moyo wa Vigo, sikukatazi, ila nunua dizeli yako kituoni Bunia na uchuje hata hiyo. Atakayeniita aniite kabla ya kutoa avansi, aje na turubai la kulalia, tochi na chupa nyeupe tupu. Na kama muuzaji hataki kuonyesha injini ikiwa baridi, usiniamshe. Jibu lako umeshapewa.