Jinsi ya Kuikosoa Filamu Ukiwa Thornhill Bila Kuitazama

Ukihamia Thornhill, hapa Kanada, ukitokea Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, utasaidiwa mambo mengi bila kuomba. Utaonyeshwa bucha ya halali, utaelekezwa kwa fundi wa gari asiyepunja, utaambiwa viatu vya theluji vinunuliwe mwezi gani. Jambo moja hutafundishwa, kwa sababu kila mtu anadhani ulizaliwa nalo: namna ya kutoa maoni kuhusu filamu. Asiyeijua kazi hii hubaki mgeni barazani hata akishapewa uraia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Anza kwa kujua uko wapi. Thornhill haina meya wake. Yonge Street imeikata katikati, upande wa magharibi ni wa Vaughan na wa mashariki ni wa Markham, na ukivuka barabara ya Steeles kuelekea kusini umeshaingia Toronto. Watu wetu wako hapa kwa sababu inayojulikana. Jamaa wa Khoja Shia Ithna-asheri, wengi wao watu wa Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda, walijenga kituo chao Bayview Avenue mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha wakajenga kikubwa zaidi, Jaffari, kule Bathurst Street. Nyumba zikafuata. Ndiyo maana kwenye meza moja ya chai unaweza kukisikia Kiswahili cha Malindi ya Unguja, cha Upanga na cha Mji wa Kale wa Mombasa, vyote vimetiwa Kikachi ndani yake, na vyote vinabishana.

Kila mmoja mezani hapo ana ukumbi wake wa ujana, na huo ndio mtaji wake wa kuzungumzia filamu. Wa Unguja wana Majestic, Empire na Cine Afrique. Wa Dar wana Avalon, Odeon, Empress, na ile Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako jamaa nzima ilipakiwa garini pamoja na chakula chake. Wa Mombasa wana Regal na Naaz. Wa Nairobi wana Shan ya Ngara na Belle Vue. Chagua wako leo hii. Kama ulizaliwa mwaka 1990 na kumbi hizo umezikuta zimefungwa, usihangaike, rithi wa baba yako. Sema tu, "Sisi tulikuwa watu wa Majestic," kisha shusha pumzi. Hakuna atakayekuomba cheti cha kuzaliwa.

Ukishapata ukumbi, jifunze kipimo. Filamu yoyote mpya, iwe ya Bombay, ya Hollywood au ile ya Kikorea aliyoifungua binti yako kwenye Netflix, hupimwa kwa filamu moja: Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Hukumu huwa fupi: "Si mbaya. Lakini Awara, bwana..." Sentensi hiyo haimaliziwi, ukiimalizia utaonekana mshamba. Wenye ujuzi zaidi huweka Mother India ya 1957 mahali pake, hasa mbele ya kina mama, kwa kuwa sijamwona mwanamume wa hapa aliyebishana na Mother India akatoka salama.

Tusiwacheke sana wazee katika hili. Miaka ya 1950 picha ya Kihindi ya Jumapili ilikuwa shughuli ya mji mzima, Unguja na Dar. Tiketi zilikwisha, walanguzi wakauza mlangoni kwa bei waliyoitaka. Watu walivaa nguo za sikukuu. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na wiki nzima mitaa iliimba nyimbo za lugha ambayo wengi hawakuijua. Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mswahili walilia katika ukumbi mmoja, ingawa si kwenye viti vya bei moja. Kwa hiyo mzee anaposema filamu za siku hizi hazina ladha, anasema kweli. Ila si filamu anayoipima. Anaipima foleni, na mafuta ya nywele, na yule msichana wa safu ya mbele mwaka 1958 ambaye leo ni bibi ya watu kule Leicester.

Atatokea pia kijana aliyekulia Dar ya baadaye, ambaye ukumbi wake ulikuwa kibanda umiza: mabenchi, televisheni moja, joto, na sauti ya Lufufu ikiisimulia picha ya Kichina kwa utamu ambao mwenye picha hakuuota. Mkenya atamjibu kwa DJ Afro, Mganda atawajibu wote wawili kwa VJ Jingo. Hawa usibishane nao. Wana sheria moja, kwamba steringi hafi, na filamu yoyote anayokufa steringi kwao ni filamu iliyokosewa. Kwenye sebule moja ya Bathurst nilimsikia mmoja wao akiihukumu Titanic kwa sheria hiyo, na katika watu wote waliokuwepo, wenye shahada na wasio nazo, hakuna aliyekuwa na jibu.

Sasa utaratibu. Siku ya kutazama ni Jumanne, kwa sababu Cineplex hushusha bei ya tiketi. Ukitaka picha ya Kihindi, nenda York Cinemas kule Richmond Hill. Hayo ni ya wale wanaotazama. Mkosoaji aliyekomaa hahitaji kufika; trela inamtosha, pamoja na maelezo ya shemeji yake. Muhimu zaidi ni mahali pa kutolea maoni. Si mezani, kwa sababu mezani watu wana mishkaki na mogo na hawakusikilizi. Maoni hutolewa mlangoni wakati wa kuaga, umevaa kiatu kimoja cha theluji na cha pili umekishika mkononi, mlango uko wazi, baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri inaingia hadi jikoni, na mwenye nyumba, kwa adabu aliyolelewa nayo, hawezi kukuambia uende zako. Hapo una nusu saa kamili. Mtu aliyenyamaza jioni nzima hugeuka bingwa pale pale penye rafu ya viatu. Mkewe ataita kutoka garini, "Baba watoto, twende!" Ataita mara tatu. Mara ya tatu ndiyo ishara ya kuanza kusimulia mwisho wa filamu, wote, pamoja na nani alikuwa muuaji, mbele ya watu waliokwishanunua tiketi za kesho.

(Muharram ikiingia, jamaa hufunga mambo ya sinema na harusi kwa heshima ya msiba wa Karbala, na mwongozo huu nao hufungwa. Hufunguliwa Safar ikishapita.)

Ukitazama filamu ya Kimarekani nyumbani kwa watu, una wajibu wa kiraia wa kuisimamisha kila inapoonekana barabara ya Toronto. Nafasi hazitakosekana. Filamu iitwayo Chicago, ya mwaka 2002, ilipigwa Toronto. My Big Fat Greek Wedding, ya mwaka huo huo, kisa chake ni cha mji wa Chicago na yenyewe ilipigwa Toronto. Chukua rimoti, simamisha, nyoosha kidole, sema, "Pale ndipo nilipokula faini ya kuegesha." Machozi ya bibi harusi yatasubiri.

Septemba ni mwezi wa mavuno. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, lililoanza mwaka 1976, lina tuzo maarufu inayoamuliwa kwa kura za watazamaji wenyewe, na hilo ni jambo la hatari kuambiwa watu wetu. Mwaka 2013 kura zilikwenda kwa 12 Years a Slave. Machi 2014 Lupita Nyong'o akapata Oscar kwa filamu hiyo hiyo. Tangu hapo, kila aliyewahi kupita King Street mwezi wa Septemba anahesabu kwamba ni yeye aliyempa. Queen of Katwe, iliyozinduliwa kwenye tamasha hilo mwaka 2016, ina kesi ya namna nyingine: Mganda husema ni yetu, Mkenya husema Lupita, aliyecheza mama mtu, ni wetu, na Mtanzania huuliza kwa upole kwa nini wao hawakuitwa.

Mwaka 2025 tamasha lilifikisha awamu ya 50, likaionyesha picha ya Kihindi Sholay, nayo ikitimiza miaka 50, katika ukumbi wa Roy Thomson Hall. Ilikuwa imekarabatiwa na kurudishiwa mwisho wake wa asili. Wenye umri wanaijua habari hii: mwaka 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari, wakaguzi walikataa Thakur amuue jambazi Gabbar Singh, ikabidi polisi waletwe wamkamate. Basi kila utakapokutana na mzee wa Dar atakwambia kwamba mwisho huo wa asili aliuona Avalon tangu zamani. Usimuulize iliwezekanaje. Mwambie, "Ndiyo, mzee wangu," umwongeze chai.

Filamu moja usiitaje mbele ya watu wa Kampala usiowazoea: Mississippi Masala ya Mira Nair, ya mwaka 1991. Inaanza na familia ya Kihindi inayofukuzwa Uganda mwaka 1972, ndani ya zile siku 90 za Idi Amin. Mmoja atasema filamu imetia chumvi, wa pili atasema haikutia ya kutosha, kisha wote wawili watahamia kwenye nyumba ya Kololo na nani anaikaa sasa, na hapo filamu imekwisha. Kuhusu mapenzi ya Denzel Washington na yule binti, ambayo ndiyo nusu kubwa ya filamu, hutasikia neno. Liweke hilo akilini.

Maana tumefika kwenye mtihani wenyewe. Septemba 2021 tamasha la Toronto lilionyesha Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya Kiswahili kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, jambo ililokuwa imelifanya mara moja tu kabla yake, kwa Maangamizi mwaka 2001. Tena Shivji mwenyewe amesomea filamu York University, chuo kinachopakana na Steeles, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa tulipo. Kwa kanuni zetu, huyo ni mtoto wa mtaani, na kila mtu ana haki ya kumsahihisha.

Kusahihisha kuna ngazi zake. Anza na lafudhi: "Mzanzibari hasemi hivyo." Nenda kwenye mavazi, kisha taa, kisha baraza, useme ile si ya Shangani. Kama umeisoma riwaya, tikisa kichwa kila baada ya dakika tano na useme kitabuni haikuwa hivi. Kama hukuisoma, fanya vivyo hivyo. Msifu Siti Amina aliyecheza Mwajuma, hapo hutapata mpinzani. Kwa mtindo huu unaweza kwenda saa mbili juu ya filamu ya dakika 92 bila kugusa inachosema.

Inachosema ni hiki. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima asiyemtaka. Anatoroka, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili, na anayempenda ni Denge, kijana anayewindwa na polisi wa Mwingereza kwa ajili ya siasa zake. Hakuna mtu sebuleni asiyemjua Yasmin. Kila ukoo una wake. Jina lake hutajwa kwa sauti ya chini na kufuatiwa na "Mungu amsamehe," na picha ya harusi yake haimo katika albamu, kwa sababu hakuna wa kwao aliyehudhuria. Huyu ndiye Yasmin tunayemkimbia tunapobishana kuhusu baraza ya Shangani.

Na juu pale kwenye ngazi za nyumba amekaa mjukuu wa mwenye nyumba. Ana miaka 19, anasoma York hiyo hiyo, amejifanya anatazama simu. Ana rafiki, kijana wa Scarborough, ambaye jina lake limetajwa humu ndani mara moja tu na halikurudiwa. Ghafla anamuuliza bibi yake, "Nanima, kwani Yasmin kakosa nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza la filamu lililoulizwa jioni nzima, na mwongozo una majibu yake tayari. Sema chai imepoa. Sema theluji itatukuta Highway 7. Rudi kwenye Awara, useme picha zilikuwa zile. Ila kisa chake usikisimulie, kwa sababu nacho ni cha kijana maskini na binti aliyelelewa nyumbani kwa jaji, wanaopendana kuvuka mpaka uliochorwa na wakubwa, na mjukuu ana masikio. Atauliza tena, na safari hii atakuwa na ushahidi kutoka kwa Raj Kapoor.

Binafsi ningeomba jambo ambalo halimo katika mwongozo. Vua hicho kiatu, funga mlango, mwite mke garini arudi ndani, kaeni wote muitazame Vuta N'kuvute mwanzo hadi mwisho, bila kuisimamisha. Ikimalizika, maoni ya kwanza atoe mjukuu.