Ugonjwa wa Kupanga

Shangazi alifika Jumamosi saa nne asubuhi bila kupiga simu. Mkononi alikuwa na flashi, kaifunga kwenye pindo la leso kama watu wanavyofunga hela ya kikoba.

"Baba, nimefuata picha zangu."

"Picha zangu" ni picha za sendofu ya binti yake. Nilizipiga mimi, kwa sababu kamati ilipofika kwenye kipengele cha mpiga picha iligundua kwamba bajeti imeishia kwenye keki. Tangu siku ile Shangazi ana madai mawili tu hapa duniani: picha, na hotpoti lake la bluu lenye maua ya waridi, lililotoweka ukumbini usiku uleule. La hotpoti ana washukiwa watatu, wote upande wa wakwe. La picha ana mshukiwa mmoja.

Nikawasha laptopu. Programu ya picha ikafunguka kwa madaha, na picha zote 412 zikajipanga safu kwa safu kama wanafunzi paredi. Bibi harusi huyo, keki hiyo, emsii huyo aliyekula muda wa watu. Shangazi akatabasamu. Nikabofya ya kwanza aione kwa ukubwa wake.

Skrini ikawa kijivu. Katikati alama ya mshangao, na chini yake maneno kwamba faili halipatikani.

Nikabofya ya pili, kijivu. Ya kumi, kijivu. Nikirudi nyuma zote zipo, ndogondogo, zinacheka. Nikizigusa, hazipo. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za majini wanaoonekana kwa mbali tu, ukiwasogelea wanayeyuka. Hakusema kama wanaingia kwenye laptopu.

"Zipo au hazipo?" Shangazi akauliza.

"Zipo."

"Basi zitie humu." Akafungua pindo, akanipa flashi. Nikaichomeka, angalau mkono uonekane una kazi.

Hapa lazima nikiri jambo. Nina ugonjwa wa kupanga. Sio usafi, maana msafi anajua vitu vyake viliko. Mimi nikikaa bure dakika kumi mkono unaniwasha. Nimewahi kupanga viungo vya jikoni kwa rangi, tukala samaki wa mdalasini. Usiku wa sendofu wenzangu wakicheza, mimi nilikuwa nje napanga vyombo kwenye buti la gari, vikubwa chini, vidogo juu. Na wiki tatu kabla ya Jumamosi hii, umeme uliporudi usiku sina usingizi, niliamua kupanga picha. Kulikuwa na folda ya "Sendofu", ya "Sendofu mpya", ya "Sendofu mpya 2", ya "Sendofu HASA" na nyingine iliyoitwa "Usifute". Niliziunganisha, nikazibadilisha majina, nikazihamishia mahali pa maana. Ni wapi, asubuhi ile sikukumbuka.

Nikaanza kutafuta kwa jina. Picha ya Shangazi na binti yake wameshikana mikono ni DSC_0147, kwa hiyo nikaandika DSC_0147. Zikaja tatu. Ya kwanza mbuzi, ya pili bili ya maji, ya tatu kidole changu. Kamera ile huhesabu mpaka 9999 kisha inaanza upya, na kwa miaka niliyokaa nayo nimeshaizungusha mara kadhaa. Shangazi akaniuliza mbuzi ni wa nani.

Nikampigia fundi mmoja wa Kariakoo, akanitajia bei kabla sijamaliza kueleza tatizo. Nikakata simu. Ndipo nikakumbuka PhotoRec.

PhotoRec ni programu ya bure, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, na haina urembo wowote: kioo cheusi, maandishi meupe, unatembea kwa vitufe vya mishale. Ukifuta picha kwenye kadi ya kamera, mara nyingi kinachofutwa ni habari zake kwenye orodha. Picha yenyewe inabaki imelala palepale mpaka nyingine ije ikae juu yake. PhotoRec haiulizi orodha. Inapita kadi nzima kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha za JPEG huanza na FF D8 FF, na popote inapoziona inafukua. Majina ndiyo haiwezi kuyarudisha. Kinachofufuka mara nyingi huitwa f na tarakimu ndefu, mithili ya mfungwa.

Kadi ya siku ile nilishaifomati, lakini tangu hapo nilikuwa nimepiga picha chache sana. Nikaichomeka, nikaielekeza PhotoRec iweke matokeo kwenye laptopu, sio kwenye kadi ileile, maana hapo ungekuwa unafukua kaburi huku unamwaga zege juu yake. Ikaanza kazi. Shangazi akaletewa chai na vitumbua.

Binti yetu wa kidato cha pili akarudi kutoka tuisheni. Akaangalia skrini kwa muda wa kuvua kiatu kimoja.

"Baba, umehamisha folda?"

"Kidogo."

"Hii programu haina picha hata moja, Baba."

Nikamwonyesha zote 412.

"Hivyo ni vijipicha. Ilijitengenezea siku ya kwanza, inavyo yenyewe. Picha ziko kwenye folda. Yenyewe ina daftari tu la kusema ziko wapi."

Nikaelewa, kwa sababu ndivyo tunavyoelekezana Tabata. Bodaboda anaambiwa: shuka kwenye mwembe, kata kushoto, uliza duka la Mangi. Ukikata mwembe na Mangi akahamia Mbezi, kijana atazunguka na abiria wake mpaka mafuta yaishe, na wala si mjinga, anafuata alichoambiwa. Ningehamisha picha kwa kupitia programu yenyewe, ingeandika anwani mpya. Mimi nilipita mlango wa nyuma usiku, kama mpangaji anayedaiwa kodi.

"Diski ya nje iko wapi?" binti akauliza.

Iko kwenye droo, nikamwambia, na ina filamu tu. Na albamu zetu za zamani. Na, ilipochomekwa, folda iitwayo "Familia", ndani yake "Sherehe", ndani yake "Mengineyo", ndani yake mafaili 412. Mtu mwenye akili timamu anaitaje sendofu ya binti wa shangazi yake "Mengineyo"? Shangazi alisoma neno hilo kwa sauti, taratibu, mara mbili.

Lakini albamu za zamani, ambazo sikuwahi kuzigusa, nazo zilikuwa kijivu. Krismasi ya 2018 imeondoka, ubatizo umeondoka. Jasho likanitoka. Binti akacheka. Kila siku diski yetu hupewa herufi E, na anwani zote za daftari zinaanza na E. Leo kiti kile kilishakaliwa na flashi ya Shangazi, diski ikasukumwa F kama abiria aliyechelewa daladala. Akaitoa flashi, akatoa diski, akairudisha. E. Krismasi ikarudi. Kisha akabofya folda ya sendofu kwenye programu, akaionyesha ilipo sasa, na picha zote 412 zikaamka kwa mpigo. Hakutumia hata dakika tano. Akaomba hela ya vocha, nikampa bila ubishi.

Ningefunga laptopu wakati huo, siku ingeisha vizuri.

"Na zile za kufufuka?" Shangazi akauliza. PhotoRec ilikuwa imemaliza. Nikafungua folda yake, nikaanza kupitisha moja moja kuanzia mwisho. Ya tisa ilikuwa Shangazi mwenyewe, saa saba usiku, nje ya ukumbi, kwenye kiti cha plastiki, kilemba kimemwangukia jicho moja, mdomo wazi, amelala fofofo. Ilikuwa picha ya mwisho ya usiku ule. Mwanga wa kamera ulimwamsha, akanisimamia mpaka nikaifuta mbele ya macho yake. Nilikula kiapo.

"Shangazi, hii niliifuta kweli. Ni hii programu..."

"Nyamaza. Vuta karibu."

Nikavuta karibu usoni.

"Sio mimi. Nyuma."

Nyuma yake kulikuwa na gari, buti liko wazi, vyombo vimepangwa vizuri sana, vikubwa chini, vidogo juu. Juu kabisa kulikuwa na kitu cha bluu. Nikasita. Akachukua kipanya mwenyewe, akavuta hadi maua ya waridi yakahesabika. Kisha akashuka chini kidogo, akasoma namba za gari, herufi kwa herufi.

Mimi siku zote nilidhani lile hotpoti mke wangu kalinunua. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani nimelinunua mimi, na alikuwa amefurahi sana.

"Karibuni mezani," sauti yake ikasikika kutoka jikoni, na nyayo zikaanza kuja na harufu ya pilau. Shangazi akavaa miwani, akageuza kiti kuelekea mlangoni.