Marahaba ya Pumzi Moja

Mwanjelwa, jijini Mbeya, huwezi kwenda polepole bila kutoa maelezo. Ukitembea haraka, watu wanajua unawahi. Ukikimbia, wanajua kuna mwizi, na kinachobaki ni kuuliza kama ni wewe au ni yule aliye mbele yako. Lakini mtu mzima, tena mwalimu, akionekana ananyonga baiskeli taratibu pembeni ya barabara ya TANZAM ilhali ana pikipiki nyumbani, huyo lazima ana jambo. Mtaa wetu haukuchelewa kulipata jambo lenyewe: pikipiki imebebwa na watu wa mikopo ya kausha damu.

Wanajumuiya wakaja kunipa pole. Pikipiki ilikuwa palepale uani, chini ya turubai, nao wakaketi kando yake wakinywa chai na kunikumbusha kwamba vitu hutafutwa. Mmoja aliegemea usukani wa pikipiki hiyo wakati wa sala ya kufunga.

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni pumzi tu. Nilitaka siku moja nipandishe ile njia ya Tukuyu, kutoka Uyole kupitia Igawilo hadi Isyonje, nifike nikiwa bado nina sura yangu. Tatizo ni muda. Mwalimu ana vipindi, ana madaftari, ana kamati ya harusi ya mtu asiyemfahamu vizuri, na ana misiba. Mazoezi hupata kinachobaki.

Wataalamu wa michezo ya masafa wanasema msingi wa stamina hujengwa kwa mwendo mwepesi. Ukiuendesha mwili kwa upole na kwa muda mrefu, unajifunza kutumia mafuta yake, unaongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na unazidisha mitokondria, ambayo kazi yake ndani ya seli ni kugeuza chakula kuwa nguvu. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliwachunguza wanariadha wakubwa akakuta takribani asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya mwendo huo wa kistaarabu. Vizuri sana. Ila wengi wa hao hufanya mazoezi saa nyingi kila wiki, na wiki zao hazina kikao cha wazazi.

Kwa mtu wa makombo ya muda kama mimi, naona hesabu ya asilimia haina haja ya kumnyima usingizi. La muhimu ni kutokosa: safari fupi siku nyingi, na moja ndefu Jumapili baada ya misa ya kwanza. Kuhusu ile asilimia 20 ya mazoezi makali, mkazi wa Mbeya asijisumbue. Jiji lenyewe liko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka nyumbani kwenda kokote, kilima kimekwisha kukupangia ratiba.

Kwa hiyo nikageuza njia ya kazini kuwa uwanja wa mazoezi. Asubuhi nakwenda moja kwa moja, jioni nazunguka hadi Uyole ndipo nirudi. Tangu kazi ya kupanua barabara iwe njia nne ianze, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, njia yangu yote imo ndani ya mradi, na jioni narudi na rangi ya mchepuko.

Kuujua mwendo mwepesi nako ni kazi. Phil Maffetone, Mmarekani mwingine, ana kanuni rahisi: chukua 180, toa umri wako, usiruhusu moyo upige zaidi ya hapo kwa dakika. Kwangu inakuja 134. Saa ya kupima moyo sina, hivyo nilisimama Uyole karibu na wauza ndizi, nikaweka vidole viwili shingoni, nikakodolea saa ya mkononi, midomo ikihesabu kimyakimya. Bibi mmoja akaacha ndizi zake akaja mbio. "Kaa, baba. Kaa chini. Presha hiyo." Nikataka kueleza lakini nilikuwa nimefika arobaini na kitu, sikutaka kupoteza hesabu. Kunyamaza kwangu kukathibitisha ugonjwa. Nilikalishwa kwenye ndoo, nikafunguliwa vifungo vya shati, nikapepewa kwa kipande cha boksi, na kijana wa bajaji akatangaza kwamba yuko tayari kunipeleka hospitali ya rufaa, hela tutaongea baadaye. Kufikia hapo moyo ulikuwa umevuka 134 kwa mbali.

Ndipo nikahamia kipimo cha pili, kile cha kuongea. Kanuni yake ni kwamba uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, ila kuimba kusikuwezekane. Kwa mwalimu kipimo hiki ni cha bure, maana kila baada ya nguzo mbili za umeme kuna mtoto anapaza sauti: "Shikamoo mwalimu!" Marahaba ikitoka nzima, mwendo ni sahihi. Ikitoka "Mara... haba," punguza. Ikishindikana kabisa, mtoto atakwenda kumwambia mama yake kwamba mwalimu siku hizi anaringa, na hilo litakufikia kabla ya Ijumaa.

Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba kinakula muda wa mazoezi kilichokuja kuyapima. Mtoto anaridhika na marahaba moja. Mzazi haridhiki. Mzazi anataka kujua nyumbani hawajambo, mvua mnaionaje huko kwenu, na kwa nini mtoto wake amepata 31 ya Hesabu wakati nyumbani anahesabu chenji vizuri tu. Nusu saa niliyoiiba kwenye ratiba inaishia nikiwa nimeweka mguu mmoja chini, mkono kwenye breki, natetea mtihani.

Nina kiburi changu pia, na mwendo mwepesi hauna huruma nacho. Jioni moja nilipitwa na rundo la majani ya ng'ombe. Kwa mbali hukuona mtu wala baiskeli, ni majani tu, mabichi, mapana kuliko bajaji, yakipanda mwinuko kwa utulivu. Yalipofika sambamba nami yakasema, "Shikamoo mwalimu." Nikajibu marahaba, nzima. Yakaniuliza kama cheni yangu ina shida, yakasonga mbele.

Cheni haikuwa na shida. Shida ilikuwa gia. Baiskeli niliinunua ya mtumba, yenye gia nyingi, na kwa mlima gia nyepesi ndiyo inayomwezesha mtu kupanda bila kuhema. Nilimpelekea fundi anikazie breki. Akakaza breki, kisha kwa hisani yake akang'oa waya wa gia na kuifunga cheni kwenye meno madogo ya nyuma, yale magumu kuliko yote. "Zilikuwa zinakusumbua tu, mwalimu. Sasa inakwenda moja kwa moja kama Phoenix." Hakunidai hata senti kwa kazi hiyo.

Mpaka nilipopata waya mwingine, mwendo mwepesi mlimani ulikuwa na tafsiri moja: kushuka na kusukuma. Maffetone asingekataa, moyo ulibaki palepale panapotakiwa. Mzee mmoja wa Igawilo, amekaa kwenye benchi nje ya duka, alinitazama nikisukuma kutoka mwanzo wa mwinuko hadi nilipomfikia. "Mwanangu," akasema, "kama ulijua utaisukuma, si ungeiacha nyumbani?" Mjukuu wake akamweleza kwamba huenda najiandaa na mashindano kama yale ya dunia ya baiskeli ya Kigali ya 2025. Mzee akaniangalia tena, viatu hadi kofia, akarudi kwenye redio yake.

Pumzi imeongezeka, hilo halina ubishi. Kilima kilichokuwa kinanikata kauli sasa nakipanda huku nikijadili mavuno ya viazi. Lakini kadiri ninavyoweza kuongea ndivyo ninavyoongeleshwa, kwa hiyo nikahamisha mazoezi upande wa Iyunga, kusiko na wazazi wangu wa darasa. Siku ya kwanza tu, kijana wa bajaji akapunguza mwendo akawa sambamba nami mlimani. "Shikamoo mwalimu! Ulinifundisha Hesabu." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za maisha, za mama, za kazi, vyote kwa pumzi moja.

Akafurahi. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima akauliza lile deni limebaki kiasi gani.